Cucu Hana Kikohozi

Mama yangu Wangari,

Ninakuita mama kwa sababu ndivyo ulivyo. Dada yako alichukua jina la mama wa baba yako kule Ukambani, wewe ukachukua la mama yangu, na tangu siku hiyo nimekuwa nikimnyonyesha, nikimwogesha na kumgombeza mama yangu mwenyewe. Kesho ninampeleka kwenye treni. Kwa hiyo usishangae ukiona mwandiko unayumba. Mtu anayeagana na binti na mama kwa siku moja ana haki ya kuyumba kidogo.

Sitakuandikia mambo ya sweta. Bibi Marta, mke wa Bwana Pasta, utakayesafiri naye, amefunga masanduku yenu, akayafungua, akayafunga tena, na wewe ni nesi mwenye kofia yako, huhitaji kufundishwa kuvaa soksi. Na habari ya kusali, kama utangoja mimi nikukumbushe ukiwa kisiwani Bukini, basi kanisa letu limemtuma mtu asiyefaa, na heri limrudishe mapema.

Ninaandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho kilichojenga nyumba hii. Baba yako Mkamba, mimi Mkikuyu, tulichumbiana kwa Kiswahili cha makosa mengi, na nyinyi mkazaliwa humo humo. Haya ningeweza kukuambia kwa mdomo. Lakini mdomo wangu ndio ulioharibu mambo, utaona, na siuamini. Soma barua hii treni ikishaondoka Thika. Mimi nitakuwa nimekaa kando yako nikitazama mashamba ya katani, kama mtu asiyejua unasoma nini. Ila uimalize kabla ya Ruiru. Agizo langu ni hilo tu.

Juzi tukila nilikuambia kwamba Cucu, mama yangu mzazi, atakuja stesheni ya Ruiru akuone treni ikisimama. Uliweka kijiko chini.

"Mama, mwambie asije."

"Treni inasimama karibu na kwake, halafu asije?"

"Najua atataka kunitemea mate ya baraka. Na kile kifua chake, Mama. Miaka yote anakunywa dawa ya kikohozi. Mimi naenda wodi ya watoto wachanga. Nikiwapelekea ugonjwa itakuwaje?"

Ulisema kwa upole, na ulisema jambo la akili. Ningekuwa mama wa mmoja wa watoto hao ningekushukuru. Baba yako aliniangalia ili niseme kitu. Mimi nikainuka kwenda jikoni kutazama ugali, na ugali ulikuwa mezani mbele yetu sote.

Sasa ninasema. Cucu hana kikohozi. Hajawahi kuwa nacho. Kile kikohozi nilikizaa mimi, katika nyumba ya Bibi Marta, kabla wewe hujazaliwa.

Unajua nilianza misheni kama mpiga pasi. Bwana Pasta alikuwa amejifunza Kiswahili chake pwani, kizuri, kimenyooka, na watu wetu hawakukielewa hata kidogo. Siku moja mkalimani wake akawa mgonjwa, wakaniita kutoka kwenye pasi ya makaa, nikasimama kando yake na aproni yangu, nikageuza mahubiri kuwa Kikikuyu. Watu walicheka pale palipotakiwa kucheka. Kuanzia hapo nikawa mdomo wa misheni. Usifikiri sikujivuna. Nilijivuna mpaka nikabadilisha mwendo, na Cucu akaniuliza kama nimeumia kiuno.

Basi Bibi Marta akajifungua Lena. Nilipokwenda nyumbani kumweleza Cucu, yeye hakuuliza mtoto ana rangi gani kama wengine walivyouliza. Aliuliza, "Mama yake yuko wapi?"

Nikasema yuko kwao, ng'ambo.

"Na dada zake?"

"Ng'ambo."

"Sasa uji anapikiwa na nani?"

Nikamwambia wazungu hawapikiwi uji, wanakunywa chai. Cucu akatikisa kichwa. Alimwonea huruma kabisa, mwanamke mzima amezaa na hana hata mtu mmoja wa kumpikia uji. Asubuhi iliyofuata nikamwona anapanda kilima cha misheni, ametembea kutoka Ruiru, mgongoni amebeba kibuyu cha uji wa wimbi, ule mchachu.

Bibi Marta alikunywa. Lazima nimpe heshima yake, alikunywa kikombe chote, machozi yakimlenga kwa ule uchachu, akasema ni mtamu. Kisha akampa Cucu mtoto ambebe. Cucu akampakata, akamfungua shuka kidogo kifuani, akamtemea mate. Unajua jinsi wanavyofanya, si mate ya kutema njiani, ni unyevu tu wa mdomo, kwenye kifua na viganja. Akasema, "Ukue, uote meno, uje unichotee maji."

Bibi Marta akawa mweupe kuliko alivyokuwa. Akanigeukia. "Wambui, anafanya nini?"

Wangari, maneno yalikuwepo. Nilikuwa nimetafsiri wokovu na utakatifu na mambo ya roho yasiyoshikika kwa mkono, nikashindwa na jambo ambalo mtoto yeyote wa Kikikuyu anaweza kulieleza. Nilikuwa nimebatizwa majuzi tu. Nilikuwa na gauni lenye kola. Nikamwona mama yangu na masikio yake yaliyotobolewa yakaning'inia, na nguo yake ya rangi ya udongo, na mate yake kwenye kifua cha mtoto wa mzungu, nikaona haya. Nikasema, "Ni kikohozi, Bibi. Ni mzee. Kimemponyoka."

Mzee, ati. Wakati ule Cucu alikuwa na umri nilio nao mimi leo, na mtu akiniita mzee leo ninanuna mpaka jioni.

Bibi Marta naye alikuwa nesi kabla ya kuwa mke wa mhubiri. Akamchukua mtoto kwa adabu, akaenda kumwosha kwa maji ya dawa. Alirudi na chupa ya dawa ya kikohozi, ile nyekundu, tamu, akampa Cucu kwa mikono miwili, maana nilikuwa nimemfundisha kwamba mkubwa hupewa kwa mikono miwili. Cucu akauliza, "Hii ni nini?"

Sasa ningesema nini? Nikamwambia, "Anakushukuru kwa baraka."

Ukitafsiri uongo mara moja, itakubidi uutafsiri kwenda na kurudi. Mama yangu alirudi Ruiru na chupa ile kifuani akiwa na furaha. Alionja njiani. Aliwaambia majirani kwamba watu wa misheni wanajua kushukuru, na kwamba shukrani yao ni tamu. Na kila Krismasi Bibi Marta, kwa moyo mweupe, alimpelekea mgonjwa wake chupa nyingine, na Cucu kila Krismasi akapokea shukrani yake. Hao wawili wamependana miaka yote hii kupitia kwangu, na hakuna hata mmoja anayejua anampenda mwenzake kwa sababu gani.

Ungecheka hapo, na mimi nimecheka mara nyingi. Lakini Bibi hakumpa tena Cucu mtoto ambebe. Cucu akija, Lena yuko usingizini, Lena anaoga, Lena ana mafua. Cucu si mjinga. Siku moja aliniuliza tukiwa mtoni, "Huyu Bibi mbona ananificha mtoto? Nilimkosea nini?" Nikamjibu kwamba wazungu ndivyo walivyo. Akasema, "Haya." Sikumsikia akiuliza tena.

Kisha ukazaliwa wewe, mwenye jina lake. Alikuja na kibuyu kile kile. Na mimi, Wangari, nikafanya alivyofanya Bibi. Nilisema umelala. Ulikuwa macho, ulikuwa unalia chumba cha pili, na bado nilisema umelala. Niliogopa Bibi akitokea akute mate yale na aulize tena, maana sasa kikohozi kilikuwa kimeshakaa na nisingeweza kukitoa. Cucu alikaa kwenye kiti cha mbao akisikiliza kilio cha mtu aliyelala. Aliacha uji, akaenda. Alikuja kukubeba baadaye ukiwa umekwisha kutambaa, mbele yangu, na mimi nilisimama karibu sana. Hakujaribu kukubariki. Kwa hiyo wajukuu wote wa yule mama wamepokea baraka yake, hata dada yako aliyezaliwa kwake Ruiru, hata mtoto wa mzungu ameipokea, isipokuwa yule mwenye jina lake.

Hilo ndilo linaloniuma. Si uongo wa kwanza. Wa kwanza ulikuwa ujinga wa msichana. Huu wa pili niliufanya nikiwa mama.

Sikujua kwamba mtu anaweza kumwonea haya mama yake na kuita hiyo wokovu. Hakuna aliyenifundisha hivyo. Bwana Pasta hakuwahi kuhubiri juu ya mate ya wazee, hata jina la desturi hiyo hakulijua. Tena siku moja alihubiri juu ya kipofu yule aliyepakwa matope macho yake yakafunguka, na matope yale Bwana Yesu aliyakanda kwa mate yake mwenyewe. Nikiwa nimesimama kando yake, nikafika kwenye neno hilo, nikakwama. Watu wakangoja. Nikasema "maji", nikaendelea. Hata Yesu nilimfichia mate, mama, ndivyo nilivyokuwa msafi.

Ninakuambia haya kwa sababu ya Bukini, si kwa sababu ya Ruiru peke yake. Huko unakokwenda, wewe ndiwe utakayekuwa mzungu. Usicheke. Watatazama unavyokula, watanong'ona juu ya viatu vyako, watakuletea kitu kichachu kwenye kibuyu na watoto watasimama mlangoni kuona kama utameza. Meza. Na siku moja bibi kizee fulani atafanya kitu na mtoto wodini, utashtuka, utamgeukia msichana anayekutafsiria. Mtazame huyo msichana kabla hujamtazama bibi kizee. Akijibu haraka sana, akitazama chini, ujue umekutana na mama yako. Mwambie polepole, "Niambie tu, sitamcheka." Hakuna aliyeniambia hivyo, na si kosa la Bibi, hakujua kwamba kulikuwa na kitu cha kuambiwa.

Na usifikiri kwamba kwao ilikuwa rahisi, hawa tuliowaita wenye bahati. Unamkumbuka Lena akipelekwa shule ng'ambo, mlikuwa wadogo bado, wewe ulilia kwa sababu alikuachia mwanasesere mwenye mguu mmoja. Kuanzia siku hiyo Bibi aliendelea kuniletea nguo za Lena nipige pasi. Nguo safi, hazijavaliwa. Nilipiga, nikakunja, wiki ijayo zikarudi. Sikuuliza kitu na yeye hakueleza. Mimi nilidhani kumtumikia Mungu ni kwenda mbali. Nikaona pale kwenye meza ya kupigia pasi kwamba kuna anayekwenda na kuna anayebaki na nguo. Kesho nitakuwa mimi. Umeacha ile blauzi ya bluu, nimeiona, usinitumie habari kwamba unaihitaji.

Siku za Hali ya Hatari zilipokuja, unajua askari wa serikali walivyovunja nyumba za kule Ruiru wakawahamishia watu wote kijijini Gatongora, nyumba zimebanana na handaki kuzunguka. Mimi nilikuwa misheni na sikuweza kwenda bila pasi ya kusafiria. Nilipopata ruhusa nilimkuta Cucu kwenye kibanda chenye giza, hana hata kiti chake cha miguu mitatu. Alikuwa ameambiwa abebe anachoweza kubeba. Ukutani, juu ya ubao, zilikuwa zimepangwa zile chupa. Nyingine tupu, nyingine zina mafuta ya mbarika ndani. Nikamwuliza kwa nini amebeba chupa akaacha kiti. Akasema, "Kiti ni mti. Hizi ni shukrani."

Nilikaa chini sakafuni. Hapo ndipo ningesema. Nilifungua mdomo, nikaomba maji ya kunywa.

Basi Jumanne iliyopita nilikwenda Gatongora kumwambia unaondoka. Alikuwa anamenya maharagwe. Aliuliza kama Bukini kuna baridi, nikasema kuna joto. Aliuliza kama kuna watu, nikasema wapo wengi. Akaniuliza, "Treni yenu inapita Ruiru?"

"Inapita."

"Inasimama?"

"Inasimama kidogo, inachukua watu."

"Basi nitakuwa hapo." Akamenya maharagwe mengine. Kisha, bila kuniangalia, akasema, "Wambui, safari hii usiniambie amelala."

Alijua, mama. Kikohozi sidhani anakijua, lakini mlango ule niliomfungia aliujua siku ile ile, na ameukalia kimya muda wote huu huku akituletea uji, viazi na kuku wa Krismasi. Nililia njia nzima mpaka Thika. Kondakta wa basi alinirudishia nauli yangu akidhani nimefiwa, na mimi nikaipokea, Mungu anisamehe na hilo pia.

Leo mchana nilikwenda kwa Bibi Marta. Alikuwa amekaa juu ya sanduku ili lifunge. Nilimweleza yote nimesimama mlangoni, kikohozi, chupa, mtoni, wewe. Nilitegemea atakasirika, na nilikuwa tayari. Aliuliza, "Alimwambia nini Lena?" Nikamwambia, ukue, uote meno, uje unichotee maji. Akasema, "Na mimi nikamwosha." Akafunika uso kwa mikono yake.

Nikamwambia, "Bibi, baraka haitoki kwa sabuni." Sijui kama ni kweli. Nilisema kwa sababu ilihitajika kusemwa, na nadhani hata Cucu angesema hivyo. Tulikaa pamoja juu ya lile sanduku mpaka likafunga. Kisha Bibi akaanza kucheka, akihesabu kwa sauti Krismasi zote, akasema, "Dawa yote ile, Wambui! Na mapafu hayana kitu!" Tulicheka kama wagonjwa. Kesho amesema atakaa kwenye dirisha lake, si lako, na kwamba ana jambo lake la kumwomba Cucu. Nadhani naye anataka baraka, asidhaniwe amelala.

Wewe ni nesi na mimi sikushindi kwa unesi. Ndiyo maana sikuombi unyamazie ulichofundishwa. Nakupa tu habari ambayo ulinyimwa. Daktari aliyekuja kupima vifua vya watu pale kijijini alimsikiliza Cucu mbele na nyuma akasema mapafu yake ni ya msichana. Cucu alikuja kunisimulia hilo kwa maringo, na mimi, mwenye kikohozi, nikasema, "Ngai asifiwe," nikabadilisha habari. Sasa uamuzi ni wako. Ukiona bado huwezi, mpungie mkono, mpe tabasamu lako, na mimi sitakusema, kwa sababu woga wako nilikupikia mimi. Lakini nisingeweza kukuacha uvuke bahari ukimkimbia mama yangu kwa ugonjwa ambao niliuzaa kwa mdomo wangu.

Ukiinua macho sasa utaona mashamba ya katani yamekwisha na kahawa imeanza. Tumekaribia. Mimi nitashuka hapo Ruiru. Sikukuambia mapema kwa sababu ungenikatalia, ungetaka nifike Nairobi nilie stesheni kubwa mbele ya watu wazuri. Hapana. Ninashuka Ruiru, nibaki na Cucu, nimsindikize Gatongora, na tukifika nitakaa tena pale sakafuni, nimweleze habari za chupa zake. Pengine atazitupa. Pengine atanitupia moja. Nimekwisha kuwa tayari kwa zote mbili.

Atakuwa upande wa kivuli, mfupi, na kitambaa cheupe ambacho hujawahi kumwona nacho, maana aliniambia atakiazima. Hatakuita. Atangoja aone kama uko macho.

Ukitaka, fungua dirisha, mama. Toa mikono yote miwili, viganja juu. Na akishamaliza usijifute mpaka treni ipite stesheni ya Kahawa. Baada ya Kahawa oga utakavyo.

Ni mimi niliyekuzaa, na uliyenizaa,

Wambui